Samaki wa mawe si mtoto wa kambale: shajara ya mradi, Nanyumbu

Mei

Mvua zimekatika, maji yameshuka hadi magotini na kijito kimeanza kuonyesha mawe yake. Kwa anayejiunga nasi sasa: tuko wilaya ya Nanyumbu, mkoani Mtwara, na kijito tunachokifuatilia kinateremka kusini kuingia Mto Ruvuma. Mradi ni wa klabu ya mazingira ya shule yetu ya sekondari, nami ni mwalimu wao wa baiolojia. Tunamfuatilia samaki mmoja mdogo wa ukoo mpana wa kambale, ambaye kila mtu hapa amewahi kumshika na karibu kila mtu humhesabu kuwa mtoto wa samaki mwingine.

Anakaa penye maji ya mbio, amejibana kwenye jiwe. Mgongo wa kahawia wenye mabaka, tumbo jeupe, kichwa bapa, ngozi tupu isiyo na magamba. Ukimweka kiganjani anakung'ang'ania kwa mdomo. Mvuvi akimkuta kwenye mgono humtupa majini, anasema akue kwanza. Hatakua. Ameshakua. Urefu ule wa kidole ndio utu uzima wake.

Hilo ndilo tunalotaka kulithibitisha mbele ya watu, kwa ushahidi wa kuonwa kwa macho na si kwa maneno ya mwalimu. Lina uzito wake. Mtu anayeamini kwamba hawa ni watoto wa kambale haoni hasara wakifa wengi kiangazi, kwa sababu kambale watapanda tena mvua zikija na watoto watajaa upya. Lakini samaki wa mawe wakiisha kwenye kijito hiki, hakuna kambale hata mmoja atakayetuzalia wengine.

Afisa uvuvi wa wilaya ametuelewa. Tumeruhusiwa kukamata wachache, kuwatazama na kuwarudisha palepale walipotoka. Wa kuhifadhiwa ni yule atakayekufa mwenyewe.

Juni

Jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, tumeikubali: Chiloglanis. Mdomo unatosha kumtambulisha. Midomo ya juu na ya chini imeungana, ikatanuka na kuwa duara la nyama lililogeukia chini, lenye vinundu vidogo vidogo. Duara hilo ndilo linalomshikiza kwenye jiwe maji yanapompiga. Ndani ya duara kuna meno membamba, ya juu yametapakaa kwenye vibao viwili, ya chini yamesongamana katikati ya taya. Kwa meno hayo anakwangua mwani na kuokota mabuu ya wadudu wanaoishi kwenye mawe. Kwa hiyo kiungo kimoja kinafanya kazi ya nanga na kazi ya kijiko kwa wakati mmoja.

Familia yake ni Mochokidae, samaki wa maji baridi ambao asili yao ni Afrika peke yake. Ndugu yake anayejulikana zaidi nchini mwetu ni ngogo, yule mwenye miiba mikali anayelia kwa kusugua mwiba wa pezi la kifuani kwenye tundu lake anapotolewa majini. Wanafunzi waliowahi kufika Kigoma au Mwanza walimkumbuka mara moja kwa sauti hiyo.

Historia ya jenasi hii imewavutia wanafunzi kuliko nilivyotarajia. Ilielezwa kisayansi mwaka 1868 na Wilhelm Peters, Mjerumani aliyekuwa amekaa Msumbiji miaka ya 1840 akikusanya wanyama, yaani ng'ambo tu ya mto wetu. Spishi ya mwanzo ni Chiloglanis deckenii, samaki wa bonde la Pangani. Tangu hapo zimeongezeka hadi kuzidi hamsini, na hazijakoma. Mwaka 2011 zilielezwa tatu mpya kutoka mito ya Malagarasi na Luiche, magharibi mwa Tanzania, zikiwemo Chiloglanis igamba na Chiloglanis kazumbei. Igamba imebeba jina la maporomoko ya Igamba. Kazumbei imebeba jina la George Kazumbe, Mtanzania mwenye ujuzi mkubwa wa samaki wa kule Kigoma. Mwaka 2015 Kenya nayo ikapata zake mbili, mojawapo ya Mto Kerio. Nilipoandika jina la Kazumbe ubaoni darasa lilinyamaza, kisha mmoja akauliza kama mtu wa hapa kwetu Mangaka naye anaweza. Nikamjibu kwamba anaweza, na njia yake inaanzia kwenye kijito.

Jina la spishi ya kwetu hatulibandiki kwa picha ya simu. Spishi za jenasi hii hutofautishwa kwa idadi ya meno ya taya la chini, umbo la mkia, urefu wa miiba na mpangilio wa vinundu vya mdomoni. Hayo hupimwa chini ya darubini, kwa kielelezo kilichohifadhiwa vizuri. Kwa sasa tunaandika Chiloglanis na kuishia hapo.

Julai

Mwezi wa kutengeneza kipimo ambacho hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kukitumia. Tunakiita kipimo cha chupa. Unachukua chupa pana ya kioo, unajaza maji ya kijito, unamtia samaki, unamtazama kwa ubavu.

Angalia kwanza mgongo. Kambale, hata akiwa mdogo, ana pezi moja refu linaloanzia karibu na kisogo na kwenda mpaka karibu na mkia, halina mwiba. Samaki wa mawe ana pezi fupi la mbele lenye mwiba, halafu nafasi, halafu kipezi kidogo laini cha nyama kisicho na miale, yaani vijiti vya kukishikilia. Kipezi hicho cha nyuma kambale wetu hana kabisa, na hataota akikua. Kisha mkia: wa kambale ni wa mviringo, wa samaki wa mawe umepasuka katikati. Kisha sharubu: kambale ana nane ndefu zinazotangulia mbele yake, samaki wa mawe ana sita fupi, na nne kati ya hizo zimeshikana na ukingo wa mdomo kiasi kwamba usipotazama vizuri huzioni.

Ukimaliza, inamisha chupa polepole. Kambale atateleza na maji. Samaki wa mawe atabaki amejibandika kwenye kioo, tumbo likikutazama, na matamvua yakiendelea kupiga. Watoto hupiga kelele hapo, na nimewaacha wapige.

Onyo moja tumeliandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya maelekezo: mkono uwe umelowa, na usimbane mbavuni. Miiba ya mapezi ya kifuani inachoma, na samaki akishtuka anaikunjua na kuifunga isirudi. Ukimtoa kwenye wavu kwa nguvu unamrarua yeye na kujiumiza wewe. Unakata uzi wa wavu, unamwacha aondoke.

Agosti

Hakuna mengi. Wanafunzi wengi wako mashambani na wazazi wao, mikorosho inapulizwa dawa. Tulikwenda kijitoni wachache, tukaweka alama kwenye mawe tutakayoyarudia. Maji yanazidi kupungua.

Septemba

Kijito kimekatika. Kilichokuwa mkondo mmoja sasa ni mabwawa yaliyotengana, na kati yao mchanga mkavu. Ni sehemu moja tu ambako maji bado yanakwenda: chini ya mwamba, mahali chemchemi inapotokea, kuna shingo nyembamba ya mawe ambayo haijawahi kukauka kwa kumbukumbu ya wazee tuliowauliza. Samaki wa mawe tuliowazoea kila mahali mwezi Juni sasa tunawapata pale tu, wamesongamana chini ya kila jiwe lenye mkondo. Kwenye mabwawa yaliyosimama tumekuta kambale na samaki wengine, lakini yeye hatumkuti.

Sababu ni pumzi. Kambale ana kiungo cha ziada juu ya matamvua, chenye matawi mithili ya kichaka, kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu. Ndiyo maana anaweza kukaa kwenye tope zito, na usiku wenye umande anaweza hata kutambaa kutafuta dimbwi jingine. Samaki wa mawe hana kiungo hicho. Anategemea oksijeni iliyomo majini, na maji yakipata joto hubeba kidogo zaidi: maji yaliyoshiba hewa kwenye nyuzi 20 hubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7.5. Hapo ni maji yanayochanganyika na hewa. Dimbwi lililosimama lenye majani yanayooza huwa na kiasi cha chini ya hapo, hasa alfajiri, baada ya mimea kukaa usiku kucha ikitumia oksijeni bila kutengeneza nyingine.

Basi shingo ile ya mawe ndiyo ghala la samaki hawa kiangazi chote. Wakipita hapo salama, mvua zikija wanasambaa upya juu na chini.

Na ndipo penye matatizo mawili.

La kwanza ni utupa. Tulikuta majani yaliyopondwa kwenye bwawa la pili, na samaki wa kila umri wakielea. Utupa una sumu iitwayo rotenoni, ambayo huzuia seli kuitumia oksijeni hata ikiwepo, na haichagui mkubwa wala mdogo. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu, na wanaofanya wanajua. Sikwenda kusomea watu sheria. Nilikwenda kwa bibi mmoja ambaye wanawake wanaovua kwa vikapu wanamsikiliza. Baada ya shikamoo na marahaba nikamweleza kilichotuleta. Alisema, "Mwanangu, utupa tumeukuta, hatukuuanzisha. Lakini zamani wenye mji walikubaliana siku moja, bwawa moja, na lile la chemchemi haliguswi kwa sababu ndiyo maji ya kunywa. Sasa kila mtu ana siku yake." Kisha akaomba aone chupa. Alimtazama samaki kwa muda mrefu, akainamisha chupa mwenyewe, akasema huyu hajawahi kumwona akawa mkubwa, na yeye amevua kijito hiki tangu msichana. Ushahidi huo nauthamini sana. Mtu aliyevua miaka yote hiyo hajaona hata mmoja aliyevuka kidole, wakati kambale amewaona wa kila kimo, hadi wa kupita mkono.

La pili ni mawe yenyewe. Vijana wanakusanya mawe ya msingi na kuponda kokoto, kazi halali, na nyumba zinajengwa. Lakini mawe mepesi kuchukua ni yale yaliyokwisha kuoshwa na maji, na yapo kwenye shingo ile. Jiwe likiondoka, mkondo unatandaa, mchanga unajaa, na samaki huyu hana pa kujishikia wala pa kukwangua chakula. Hapa sioni tofauti kubwa kati ya kubeba jiwe na kubeba samaki.

Oktoba

Kikao na wapondaji kokoto, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Hoja yao ni ya haki: wameniuliza watatoa wapi mawe ya karibu na njia ya gari. Wanafunzi walikuwa wamejiandaa kuliko mimi. Walikuwa wametembea mto mkavu upande wa chini na kuchora ramani ya mahali penye mawe mengi yasiyo na maji miezi yote ya kiangazi, palipo karibu na barabara vilevile. Tumekubaliana kwa mdomo kwamba kuanzia mwamba wa chemchemi hadi mkuyu uliolala hapatabebwa jiwe. Mwenyekiti ameahidi kulipeleka kwenye mkutano wa kijiji liandikwe. Mpaka liandikwe naliona bado ni ahadi.

Tangi nalo limekamilika. Fundi wa vioo na alumini alitukatia vioo na kuvibana kwa silikoni, tukaiacha ikauke vizuri kabla ya kutia maji. Tofauti na matangi ya samaki wa mapambo, hili halina mimea ya kupendeza. Ni mawe matupu, na pampu ya kuzamisha inayosukuma maji kutoka upande mmoja hadi mwingine ili kuwe na mkondo. Mawe tuliyaacha kwanza juani ndani ya beseni la maji hadi yakaota mwani, maana samaki huyu hatazami chakula kinachoelea.

Wametufundisha mengi kwa kukaa tu. Mchana hawaonekani, wamejibana upande wa chini wa jiwe, migongo chini. Jua likishuka wanatoka na kukwangua, wanasogea hatua fupifupi bila kuachia kioo, wakielekeza kichwa daima unakotoka mkondo. Tukigeuza pampu wanageuka wote. Wanasukumana kwa ajili ya jiwe lililo karibu na mdomo wa pampu, na mkubwa ndiye hulipata. Nimekaa mbele ya tangi hilo jioni nyingi kuliko inavyonilazimu, na wanafunzi wa bweni wanalijua hilo.

Novemba

Joto kali la kabla ya mvua. Umeme ulikatika usiku, pampu ikasimama, na betri ya sola haikufika alfajiri. Mlinzi alipotuita tuliwakuta wamepanda wote kwenye kioo hadi usawa wa maji, matamvua yakienda mbio. Tulichota maji kwa vikombe na kuyamimina kutoka juu, kwa zamu, mpaka umeme uliporudi. Walipona isipokuwa mmoja, aliyekuwa mnene kupita wenzake.

Tulimpasua siku hiyohiyo, darasa zima limezunguka meza. Tumbo lote lilikuwa mayai. Punje za njano, kubwa ukilinganisha na mwili wenyewe, zimejaa pande zote mbili hadi utumbo umesukumwa pembeni. Samaki wa urefu wa kidole, mwenye mayai yaliyokaribia kutagwa, mvua zikiwa mlangoni. Sikusema kitu. Msichana mmoja, ambaye baba yake ni mvuvi na ndiye aliyekuwa akibishana nami tangu Mei, alishika kibano, akatenga mayai machache kwenye kisahani na kuuliza, "Mwalimu, mtoto anabeba mimba?" Kisha akaomba ruhusa ya kupeleka kisahani nyumbani. Nilimruhusu, kikiwa kimefunikwa vizuri.

Mwili na mayai yaliyobaki vimehifadhiwa kwenye alkoholi, na kibandiko chenye mahali, tarehe na kina cha maji. Hicho ndicho kielelezo chetu cha kuhesabiwa meno.

Baba wa yule msichana alikuja shuleni kesho yake. Hakuzungumza sana. Alitaka kuona dume linafananaje, nikamwonyesha kwenye chupa: nyuma ya tumbo, mbele ya pezi la chini, dume lina kinyama kidogo chenye ncha. Akaniambia wavuvi wenzake wana migono yenye matundu madogo mno kwenye shingo ya chemchemi, na kwamba yeye atazungumza nao, nisiende mimi. Nimeafiki. Maneno yake kwao yatafika mbali kuliko yangu.

Desemba

Mvua kubwa ya kwanza. Kijito kimeungana usiku mmoja, maji mekundu, na kambale wamepanda kutoka Ruvuma kama kawaida yao, wakaingia kwenye majani yaliyofurika. Hutaga usiku, mayai yananata kwenye nyasi, na kwenye joto letu huanguliwa ndani ya takriban siku moja hadi moja na nusu. Mzazi hakai kulinda.

Tulingoja. Baada ya wiki chache tukapata tulichokitaka tangu mwanzo wa mradi: watoto wa kambale wa kweli, urefu sawasawa na samaki wa mawe. Tuliwaweka kwenye chupa mbili zilizosimama pamoja na kuzipeleka kwenye gulio la Jumamosi, juu ya meza ya muuza dagaa aliyetukopesha nafasi. Hatukuweka bango. Watu walijisomea wenyewe: pezi refu huku, pezi fupi na kipezi cha nyama kule, mkia wa mviringo, mkia uliopasuka. Kila aliyebisha alikabidhiwa chupa aiinamishe. Kisahani cha mayai kilikuwa katikati, kwenye alkoholi, na yule msichana ndiye aliyekuwa akieleza. Alieleza kwa Kimakua kwa wazee na kwa Kiswahili kwa wengine, bila kunitazama hata mara moja.

Hoja nzito kuliko zote ilitoka kwa mzee mmoja wa migono: kama ni samaki mzima na haliwi, ana faida gani kwa mtu? Nilimjibu ninachokijua. Anakula mabuu ya wadudu wanaozaliana kwenye maji ya mbio, naye analiwa na ndege na samaki wakubwa ambao sisi tunawala. Na kwa kuwa hawezi kuishi pasipo maji safi yanayokwenda, akitoweka kwenye shingo ya chemchemi tutajua maji yetu ya kunywa yameguswa kabla hatujaugua. Mzee alisema hilo la mwisho linamtosha.

Hali ilivyo leo: makubaliano ya mawe yameingia kwenye muhtasari wa mkutano wa kijiji, nakala tunayo. Kuhusu utupa bado hatujapata kauli moja, na bibi ameomba tusubiri hadi wanawake wote warudi kutoka mashamba ya mpunga. Kielelezo kimo kwenye sanduku, afisa uvuvi atakibeba akienda Mtwara mjini mwezi ujao. Samaki wa tangini tumewarudisha kwenye mawe yao kabla maji hayajawa mazito, na tangi limekaushwa. Kazi ya Januari ni kupima kina na joto la maji pale kwenye shingo kila Jumatatu asubuhi. Zamu ya kwanza ni kidato cha pili.